Sarafu Tano za Kilwa Katika Mchanga wa Australia

Kila baada ya muda habari ile ile hurudi: Waswahili wa Kilwa walifika Australia mamia ya miaka kabla ya nahodha James Cook, na ushahidi upo, ni sarafu. Habari hiyo hurushwa kwenye simu na hutiwa chumvi kila inapopita. Wapo wanaoipokea kwa fahari, na wapo wanaoicheka kama porojo za kijiweni.

Wanaocheka wanakosea, maana sarafu zipo, zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Powerhouse mjini Sydney, na wataalamu waliozichunguza walizitambua kuwa za Kilwa. Wanaojifaharisha nao wamekimbilia jibu kabla ya kuliuliza swali. Sarafu inaweza kueleza imetoka wapi bila kueleza nani aliibeba wala ilidondoka lini, na ugomvi wote uko hapo.

Kilichookotwa Marchinbar

Mwaka 1944, vita dhidi ya Japani vikiendelea, Jeshi la Anga la Australia lilikuwa na kituo cha rada katika kisiwa cha Marchinbar, kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Mmoja wa askari wa hapo, Maurie Isenberg, alikuwa ufukweni na mshipi wake wa kuvulia alipoona sarafu mchangani. Aliokota tisa. Akazitia kwenye kopo, akarudi nyumbani vita vilipokwisha, na kopo likakaa.

Ilipofika 1979 ndipo alipozipeleka kwa wanaozijua sarafu. Nne zilikuwa za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, ile iliyojulikana kwa herufi VOC. Ya zamani zaidi ni ya 1690 na za karibuni zaidi ni za miaka ya 1780. Hizo hazikumshangaza mtu. Tano zilizobaki zilikuwa za shaba, zimeandikwa kwa Kiarabu, na zimetoka Kilwa, mahali palipo zaidi ya kilomita 10,000 kutoka ufukwe ule.

Hata hivyo jambo lenyewe lilibaki la wachache kwa miaka mingi. Kilicholilipua ni msafara wa mwaka 2013, ulioongozwa na mwanaanthropolojia Ian McIntosh wa chuo kikuu kimoja mjini Indianapolis, Marekani. Alikwenda Marchinbar na wanaakiolojia, akiongozwa na ramani ambayo Isenberg aliitia alama ya X mahali alipookota. Vichwa vya habari viliandika kwamba historia ya Australia huenda ikaandikwa upya. Msafara haukurudi na sarafu nyingine ya Kilwa, lakini vichwa vya habari vilikuwa vimeshasafiri.

Mwaka 2018 kipande kingine cha shaba kiliokotwa katika kisiwa cha Elcho, jirani na Wessel. Uso wake umeliwa, na waliodhani ni cha Kilwa walitegemea zaidi ukubwa na uzito wake. Kwa hiyo kinapaswa kuwekwa pembeni. Ushahidi wa kujengea hoja ni zile tano.

Pesa ya nyumbani

Kabla ya kuuliza sarafu hizo zilisafirije, ni lazima ieleweke zilikuwa pesa ya namna gani. Wengi huzifikiria kama dinari za dhahabu zilizozunguka kutoka bandari hadi bandari. Kilwa ilikuwa na dhahabu kweli. Ilishika njia ya dhahabu iliyopitia bandari ya Sofala, na Ibn Battuta alipofika 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa. Sarafu chache mno za dhahabu zenye jina la sultani huyo zimejulikana. Lakini pesa ya kila siku ya Kilwa ilikuwa ya shaba.

Ni kidude chembamba ambacho mtu angekipoteza mfukoni. Upande mmoja una jina la sultani, upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, na mafundi waliyapanga ili upande mmoja uwe na kina na mwingine, kama mishororo ya shairi. Mwaka hauandikwi. Ndiyo maana wataalamu wamehangaika kuzipanga kwa zama. Za Sultani Ali bin al-Hasan, ambazo ni nyingi sana, kwanza ziliwekwa karne za mbele, kisha utafiti wa baadaye ukazirudisha hadi karne ya 11.

Zinapatikana kwa wingi Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Mafia, nyingine Unguja na Pemba. Zaidi ya hapo ni kwa nadra. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman iliibuka Great Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hiyo inaeleweka, kwani dhahabu ya Sofala ilitoka bara huko. Mfanyabiashara wa Gujarati au Aden hakuwa na sababu ya kuipokea shaba ya Kilwa kama malipo. Ilikuwa na thamani pale tu ambapo watu walikubaliana kuwa ina thamani.

Kuna jambo la pili, na ndilo linalosahaulika zaidi katika mjadala. Sarafu hizi ziliishi muda mrefu. Za Ali bin al-Hasan zimechimbuliwa Songo Mnara, mji uliostawi kati ya mwishoni mwa karne ya 14 na mwanzoni mwa karne ya 16, yaani mamia ya miaka baada ya yeye kufa. Baadhi zimepatikana karibu na makaburi, ishara kwamba zilikuwa na maana nyingine mbali na kununulia. Mtu akiokota leo ufukweni Muscat shilingi ya Tanzania iliyochapwa 1966, atajua kwamba haikudondoka kabla ya mwaka huo. Hatajua zaidi. Huenda ilidondoka wiki iliyopita.

Dhana ya jahazi la Kilwa

Dhana inayopendwa zaidi ni ya moja kwa moja: mabaharia wa Kilwa, katika siku za nguvu zao, walivuka bahari wakafika wenyewe au walisukumwa na dhoruba.

Ina nguvu ambazo wakosoaji huzipuuza. Watu wa pwani hii walikuwa mabaharia, wakijua kaskazi na kusi kama mkulima anavyojua vuli na masika. Mreno Tomé Pires, aliyeishi Melaka kati ya 1512 na 1515, aliwataja watu wa Kilwa na Malindi miongoni mwa wafanyabiashara waliofika katika bandari hiyo, wakipitia Gujarati. Hii si hekaya. Ni maandishi ya mtu aliyekuwapo. Na bahari yenyewe iliwahi kuvukwa kwa upande wa pili: mababu wa Wamalagasi walitoka visiwa vya Indonesia ya leo wakafika Madagaska kabla Kilwa haijawa dola.

Udhaifu wake uko kwenye upepo. Katika latitudo za Kilwa na Australia kaskazini, sehemu kubwa ya mwaka upepo na mkondo wa bahari huelekea magharibi, kuja Afrika. Mababu wa Wamalagasi walisaidiwa nao. Aliyetaka kwenda kinyume alipigana nao. Waholanzi walipotafuta njia ya haraka kutoka Rasi ya Tumaini Jema kwenda Java, suluhisho lao la mwaka 1611 lilikuwa kushuka kusini hadi kwenye pepo kali za magharibi, karibu na latitudo 40. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi, haukutengenezwa kwa bahari ile. Jahazi lililochukuliwa na dhoruba kutoka Kilwa lingetupwa Komoro au Madagaska kabla ya kuiota Australia.

Ushahidi wa Pires pia unakata pande mbili. Unathibitisha kwamba watu wa Kilwa walifika mbali mashariki, lakini walifika kwa kupitia Gujarati, wakibadili bandari na vyombo. Aliyefika Melaka hivyo alibeba dhahabu na pembe. Shaba za sultani angezibeba kama mabaki ya mfukoni, na mabaki ya mfukoni ndiyo yanayobadilisha wamiliki kirahisi.

Dhana ya Wareno

Julai 1505 kundi la meli za Francisco de Almeida liliiteka na kuipora Kilwa, likaacha ngome. Kutoka hapo kasi ya Wareno inatisha: Goa 1510, Melaka 1511, Maluku 1512, kisha Timor, ambayo iko umbali mfupi kutoka Australia. Mwaka huo huo wa 1512 waliiacha ngome ya Kilwa.

Mlolongo huo ni mzuri sana kwenye karatasi. Unatoa njia, unatoa meli na unatoa mwaka. Wapo pia Waafrika waliochukuliwa katika meli za Kireno kama mabaharia, wakalimani na watumwa, na mmoja wao angeweza kushika sarafu tano za kwao hadi mwisho wa dunia.

Tatizo ni kwamba Marchinbar hakukuokotwa sarafu ya Kireno hata moja. Mporaji alitafuta dhahabu na fedha. Na sarafu za Kiholanzi zilizokuwa mahali pale pale zinabaki bila maelezo, isipokuwa tukubali kwamba watu wa aina mbili, waliopishana kwa zaidi ya miaka 250, walidondosha sarafu katika ufukwe mmoja wa kisiwa kimoja kisicho na mji wowote.

Dhana ya wavuvi wa jongoo bahari

Hapa ndipo sarafu nne za VOC, ambazo magazeti huzitaja kwa sentensi moja na kuendelea, zinapopata kazi. Kuanzia karne ya 18 hadi mwaka 1907, mashua za Makassar, kusini mwa Sulawesi, zilikuwa zikija kaskazini mwa Australia karibu kila mwaka kutafuta jongoo bahari, kiumbe yule yule ambaye wazamiaji wa pwani ya Tanzania na Kenya humkausha kwa soko la Uchina. Zilishuka na pepo za Desemba, zikapiga kambi, zikachemsha na kukausha mzigo, kisha zikarudi pepo zilipogeuka. Zimeacha meko, vigae vya vyungu na mikwaju iliyoota kutokana na mbegu walizotupa wavuvi. Na zimeacha sarafu za Kiholanzi, kwa kuwa ndizo zilizotumika katika visiwa vya Indonesia.

Kwa sarafu nne, basi, fumbo limekwisha. Je, tano zilizobaki zingeweza kuja katika mashua hiyo hiyo?

Zingeweza. Makassar ilikuwa bandari ya watu wa kila namna, na shaba kuukuu ilikuwa na matumizi yake, iwe pambo, hirizi, risasi ya kuvulia au malighafi ya mfua vyombo. Udhaifu wa dhana hii ni kiungo cha kwanza: shaba za Kilwa, mji uliokuwa umedhoofika tangu karne ya 16, zilifikaje Makassar katika karne ya 18?

Kiungo kipo, na inashangaza kwamba hakitajwi zaidi. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kwa mwaka, ili wapelekwe katika mashamba ya Île de France, Mauritius ya leo. Meli za Kifaransa zikawa zinatia nanga Kilwa, hadi Waomani walipoushika mji katikati ya miaka ya 1780. Mauritius nayo haikuwa mwisho wa safari. Miaka michache kabla ya mkataba huo, msimamizi wa kisiwa Pierre Poivre alikuwa ameshatuma meli kutoka kisiwa hicho hadi Maluku kuiba miche ya karafuu na kungumanga, na karafuu zilizozaliwa na wizi huo ndizo zilizokuja kufika Unguja.

Kwa hiyo katika miaka ile ile inayosomwa kwenye sarafu za Kiholanzi, watu wa Kilwa walikuwa wakitolewa kwao kwa nguvu na kupelekwa kisiwa chenye meli zinazojua njia ya Indonesia. Na Kilwa sarafu za kale hazihitaji kuchimbwa sana. Mvua ikinyesha au bahari ikila ukingo, hujitokeza zenyewe. Baharia anaweza kuzikusanya. Mtumwa anaweza kuzifunga kwenye pindo la nguo. Hakuna hati inayosema ilitokea hivyo, na dhana hii ina mikono mingi kuliko zote, lakini kila mkono ulikuwepo mahali pake kwa wakati wake.

Uwezekano wa askari, na wa mzaha

Ipo hoja kwamba sarafu zililetwa na askari wa vita vya pili na kudondoka zikiwa urithi wa mkusanyaji. Haiwezi kutupwa, kwa kuwa sarafu za Kilwa zilikuwa zimeshaandikiwa na mtaalamu wa jumba la makumbusho la Uingereza mwaka 1936. Lakini aliyezijua kiasi cha kuzikusanya angezijua pia kiasi cha kutozibeba kwenye ufukwe wa kituo cha rada.

Mzaha uondolewe kabisa. Anayetega watu hutaka wanase. Hafungii chambo kwenye kopo kwa miaka 35.

Mizani

Swali linaloamua yote ni moja: je, sarafu tisa ni fungu moja au ni mafungu mawili?

Kama ni fungu moja, hesabu ni rahisi. Fungu haliwezi kudondoka kabla ya sarafu yake changa kuliko zote kutengenezwa, na hiyo ni ya miaka ya 1780. Hapo jahazi la Kilwa linazama, meli za Wareno zinazama nalo, na Cook, aliyefika pwani ya mashariki ya Australia 1770, anakuwa ametangulia. Kama ni mafungu mawili yaliyokutanishwa na mawimbi, milango yote inabaki wazi. Kumbuka tu kwamba Isenberg hakuwa mchimbaji; aliokota juu ya mchanga, na alama yake ya X ilitegemea kumbukumbu ya miaka mingi. Mchanga wa ufukweni huhama. Hauhifadhi tabaka la zama kama sakafu ya nyumba ya Songo Mnara inavyohifadhi.

Tofauti inaonekana ukilinganisha na sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle iliyopatikana 2013 katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Nayo ilisafiri mbali mno. Lakini ilipatikana na wanaakiolojia, katika pwani ambayo kumbukumbu za Uchina zenyewe zinasema meli za Zheng He, kamanda wa majini wa mfalme huyo, ziliifikia, na ambako vigae vya Kichina vimejaa. Sarafu ile ilikuta habari ikiingoja. Za Marchinbar hazikukuta mji, kigae wala hati.

Kila dhana ina gharama yake. Anayechagua jahazi la Kilwa anapata safari ya kishujaa, lakini analipa kwa kupigana na upepo na kuzifumbia macho sarafu nne. Anayechagua Wareno anapata njia fupi bila kitu cha Kireno mkononi. Anayechagua karne ya 18 anabaki na safari isiyo na shujaa, iliyopita katika soko la watumwa, mashua ya wavuvi na mifuko ya watu wasio na majina. Kwa ushahidi uliopo hii ya mwisho ndiyo nzito zaidi, kwa sababu ndiyo pekee inayozieleza sarafu zote tisa kwa mara moja. Inabaki na kero moja halisi: tano ni nyingi. Sarafu moja hupotelea popote. Tano za mji mmoja wa mbali zinaashiria kwamba mtu fulani alizishika pamoja kwa makusudi, na huyo bado hajapata dhana inayomtosha.

Kinachopaswa kuachwa ni lile neno kugundua. Watu wa Yolngu, wenyeji wa eneo hilo, wana masimulizi ya wageni waliokuja kabla ya Wamakassar, na wahenga wao walikuwa Australia kwa makumi ya maelfu ya miaka kabla Kilwa haijajengwa nyumba ya kwanza. Magazeti yaliyogeuza sarafu tano kuwa mashindano kati ya Cook, Wareno na Waswahili yalisaidia kuvutia macho ya dunia, na kwa hilo Kilwa ilifaidika kutajwa. Lakini yaliwafanya wenyeji kuwa watazamaji katika ufukwe wao.

Linaloweza kusogeza jambo hili mbele ni sarafu ya Kilwa itakayochimbuliwa ikiwa katika tabaka lake, pamoja na mkaa au mfupa unaoweza kupimwa umri. Njia nyingine ni ya bei nafuu zaidi: kupekua makabati ya makumbusho na makusanyo ya sarafu katika vituo vya katikati, yaani Port Louis, Gujarati, Melaka, Makassar na Timor, ambako shaba yenye Kiarabu kilichofutika inaweza kuwa imekaa kwenye droo ikiwa na kibandiko kisicho chake. Ikipatikana moja Mauritius, dhana ya karne ya 18 itapata mguu. Ikipatikana Melaka katika tabaka la kabla ya 1511, wafanyabiashara wa Tomé Pires watarudi mezani, na mizani hii itabidi ipimwe upya.